Jinsi ya Kupima Dai la Kampuni Kwamba Haiongezi Hewaukaa

Kampuni inapotangaza kwamba imesawazisha hewaukaa yake yote, mara nyingi bado inaizalisha, ila imenunua krediti za kaboni za kiasi hicho. Krediti moja huwakilisha tani moja ya hewaukaa, au gesijoto nyingine yenye uwezo sawa wa kuongeza joto, ambayo mradi fulani umeizuia au kuiondoa angani.

Usianze na krediti. Anza na hesabu. Mwongozo wa Greenhouse Gas Protocol hugawa gesijoto za kampuni katika makundi matatu: zinazotoka kwenye mitambo na magari yake, zinazotokana na umeme inaoununua, na zile za mnyororo mzima wa thamani, tangu malighafi hadi bidhaa inapotumiwa na mteja. Kwa muuzaji wa petroli, sehemu kubwa ya gesi hutoka pale mteja anapoyachoma mafuta, hivyo dai linaloishia kwenye kundi la pili limeuacha nje karibu mzigo wote. Dai likianguka hapa, sioni haja ya kuendelea.

Likisimama, tafuta jina la mradi, mwaka wa krediti (mwaka ambao gesi ilizuiwa au kuondolewa) na nambari zake katika rejista ya Verra au ya Gold Standard, mashirika yanayoidhinisha krediti; rejista hizo ziko wazi kwa umma. Hakikisha krediti zimefutwa rasmi kwa niaba ya kampuni hiyo, kwa sababu krediti ambayo haijafutwa yaweza kuuzwa tena.

Swali gumu zaidi ni kama mradi usingefanyika bila fedha za krediti. Msitu ambao hakuna aliyekusudia kuukata hauokoi chochote kwa kulipiwa, na makadirio ya ukataji ambao ungetokea hayawezi kushuhudiwa na mtu yeyote. Tena msitu huweza kuungua na kurudisha angani hewaukaa uliyoihifadhi, ilhali sehemu ya hewaukaa itokanayo na makaa ya mawe hubaki angani kwa maelfu ya miaka.

Mwisho, pima maneno yenyewe. Kiwango cha ISO 14068-1 cha mwaka 2023, cha shirika la kimataifa la viwango, kinatanguliza upunguzaji kabla ya fidia, yaani kununua krediti. Umoja wa Ulaya, kupitia sheria yake iitwayo Direktivu 2024/825 inayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, unakataza kudai kuwa bidhaa haina athari kwa tabianchi kwa kutegemea fidia. Kama wewe ndiye mwandishi wa tangazo, taja kando kando tani mlizopunguza, tani mnazoendelea kuzalisha, na mradi mliougharimia.