Kuchota bei ya korosho kutoka ukurasa mwingine wa WordPress

Tovuti ya chama chetu cha wakulima hapa Newala, iliyojengwa kwa WordPress (programu ya kutengeneza tovuti), ina ukurasa wa bei za mnada, na bei yenyewe imehifadhiwa kwenye sehemu ya ziada (custom field) iitwayo bei_kilo. Nilitaka bei ionekane na ukurasa wa mbele, nisiiandike mara mbili. Kwenye front-page.php, faili la ukurasa wa mbele, nikaweka:

$p = get_page_by_path('masoko/bei');
if ($p) echo esc_html(get_post_meta($p->ID, 'bei_kilo', true));

Ukurasa ukiwa chini ya mwingine, taja njia nzima. Ukiandika 'bei' peke yake utarudishiwa null, yaani hakuna kitu. Na hiyo true ya mwisho usiiache, maana bila hiyo unapewa orodha (array) badala ya bei yenyewe. Mimi niliiacha, siku ya mnada pakasomeka "Array" mahali pa bei. Mzee mmoja akanipigia simu: "Mwanangu, Array ndiyo shilingi ngapi?"

Ukitaka kichwa cha ukurasa, ni $p->post_title tu.