Malimau matatu na taa inayogoma: jinsi ya kumwandikia mtoto wa kike hadithi ya uvumbuzi

Hadithi nyingi za kuwavuta wasichana kwenye sayansi huanza na msichana mwenye akili za ajabu, na hapo hapo huharibika. Msomaji mwenye alama za wastani anaona kuwa hayumo. Afadhali mhusika wa kawaida mwenye shida ndogo ya kushikika, na suluhisho la kwanza linalogoma.

Tuchukue mfano. Rehema, miaka kumi, anataka nukta ya mwanga gizani ili bibi yake asipapase akitafuta miwani usiku. Betri zimeisha, malimau yapo. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kitengeneze kifaa hicho mwenyewe, maana kuna mtoto atakayekijaribu kabla hajamaliza kitabu.

Tafuta malimau manne, misumari minne iliyopakwa zinki, vipande vinne vya waya mnene wa shaba nyekundu, nyaya nyembamba za kuunganishia na taa ya LED nyekundu, ile taa ndogo ya kielektroniki yenye miguu miwili. Viringisha kila limau mezani huku ukilibonyeza ili maji yake yaachie. Choma msumari na shaba umbali wa sentimita 2 hivi, visigusane hata huko ndani. Shaba ya limau la kwanza iunganishwe na msumari wa limau la pili, na kuendelea. Shaba itakayobaki bila jozi ni upande chanya, ndiko unakokwenda mguu mrefu wa LED; mguu mfupi uende kwenye msumari uliobaki.

Limau moja hutoa takriban volti 0.9. LED nyekundu huanza kuwaka karibu na volti 1.8, kwa hiyo malimau mawili yanasuasua na matatu ndiyo yanayoiwasha, tena kwa mwanga hafifu unaoonekana gizani tu. Balbu ya tochi ya kizamani ni habari nyingine: inataka mkondo mkubwa wa umeme, mamia ya miliampea, na malimau hayo hayafiki huko hata uyapange kumi mfululizo. Wapo waandishi wanaowasha balbu ya chumba kwa limau moja. Mtoto akijaribu akashindwa, atadhani mjinga ni yeye.

Sasa tazama, tarakimu hizo zimeshakupa mtiririko wa hadithi. Jaribio la kwanza: limau moja, balbu ya tochi, giza. Rehema anahisi limau ni bovu. La pili: anaongeza hadi manne, giza lile lile, dhana yake kwamba malimau mengi yangetosha ilikuwa na mantiki, ila haikuwa sahihi, na kosa la namna hiyo ndilo tamu kulisoma. La tatu: anaweka LED, lakini ameigeuza miguu. La nne: anaigeuza tena, inawaka. Usifunge hadithi hapo. Mwache aondoe limau moja moja aone mwanga unakatikia wapi. Msichana anayeendelea kuchokonoa baada ya kufanikiwa anaonyesha udadisi kuliko aya nzima ya kumsifu.

Kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu. Ukitaka kulisema hilo bila kuhubiri, litie kwenye mazungumzo:

"Bibi, imegoma tena."
"Tangu jana umebadilisha nini, mjukuu wangu?"
"Kila kitu."
"Sasa utajuaje kilichokuwa kinakosea?"

Bibi hajatoa jibu, ameuliza tu. Mtu mzima, kaka au mwalimu akishika waya na kurekebisha, hadithi imehamia kwake. Vivyo hivyo, futa kila "hata wasichana wanaweza". Neno "hata" linamfundisha shaka mtoto ambaye hakuwa nayo.

Maelezo ya sayansi yaje baada ya msomaji kuyahitaji, sentensi mbili tatu kwa wakati mmoja. Hapa kuna moja ya kushangaza: nishati haikuhifadhiwa ndani ya limau. Zinki ndiyo inayoyeyuka taratibu na kusukuma umeme. Maji machachu ni njia tu. Rafiki yake Rehema akichoma misumari miwili ya aina moja hapati kitu, na hapo una sura nzima ya pili. Kwa kuwa zinki huyeyukia ndani, mhusika mmoja aseme waziwazi kwamba malimau hayo hayaliwi tena. Mwingine aonye kuwa LED ikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 9, bila kizuizi cha umeme, inaungua.

Mpe Rehema daftari lenye tarehe na michoro, na lifanye kazi kwenye hadithi, si kubebwa tu. Mwaka 1871 Margaret Knight wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa, baada ya kumshinda kwenye kesi mwanamume aliyenakili mashine yake. Michoro na kumbukumbu zake zilimsaidia kuthibitisha kuwa mashine ni yake.

Mchoraji naye aelekezwe kwa maandishi. Usipomwambia, mara nyingi mvulana atashika koleo na msichana atatazama. Andika: "Mikono ya Rehema iko kwenye waya, shaba upande wa kulia, mguu mrefu wa LED unaonekana." Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa hiyo majaribio manne yanatosha kabisa.

Mwisho, wape watoto watano au sita rasimu pamoja na vifaa. Wasimamishe kabla ya jaribio la nne, uwaulize wangebadilisha nini. Wote wakibaki kimya, dalili ulizotoa ni chache. Wote wakijibu kabla hujamaliza swali, umezianika mno. Kisha kaa kimya uwaangalie wakiunganisha. Taa ikikataa, kagua kwanza kama misumari kweli ina zinki, kama metali zinagusana ndani ya limau, na kama waya wa shaba ulitoka kwenye mota kuukuu: huo una rangi ya kuhami isiyoonekana kwa urahisi, na lazima ukwanguliwe ncha zote mbili. Kama kitabu hakikusema hivyo, ongeza.