Umepata kimdudu cha mimea ambacho huenda hakina jina? Fanya hivi

Jamani kabla hujatangaza spishi mpya, hakikisha kwanza kama ni wa familia ya Miridae kweli, yaani wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea. Familia kubwa hiyo, spishi zilokwishaelezwa zinapita 11,000, na tunaemjua zaidi huku kwetu ni mbu wa mikorosho, Helopeltis, ambae si mbu wala nini, mtazame mgongoni utaona kijiti kimesimama kama pini. Wenziwe karibu wote wana mdomo wa kufyonza, vipapasio vya pingili nne, na bawa la mbele pale sehemu ngumu inapomalizia pana kipande cha pembetatu kabla ya ile nyororo kuanza. Wengi hawana vile vijicho vidogo vya utosini. Mdudu wa minazi, Pseudotheraptus wayi, alopewa jina 1955, huyo familia nyengine, ingawa nae anafyonza.

Kama unakwenda msitu wa Ngezi kule Pemba au wa Jozani hapa Zanzibar, Unguja, chukua kibali mapema, na ukiingia kijijini anzia kwa sheha.

Kukamata ni rahisi: tandaza shuka nyeupe chini ya tawi, ligonge kwa fimbo, wanaodondoka wanyonye kwa kichupa chenye mrija wa mpira, usiwashike kwa vidole maana miguu na vipapasio vinakatika hapo hapo. Taa ya usiku inaleta wengi lakini mimi siipendi, kwa sababu inakunyima kitu muhimu kuliko vyote, yaani mmea aliokuwa anakula. Hawa wengi wanachagua mmea, kwa hiyo kata kitawi chenye maua au matunda, kibane ndani ya gazeti, muulize mzee wa pale wanauitaje na uandike, halafu bado umpelekee mtaalamu wa mimea kwani jina la Micheweni silo la Makunduchi. Lebo iwe na kisiwa, mahali, vipimo vya GPS, tarehe, mmea, na alokamata. Mdudu asie na lebo hafai kitu hata awe mzuri vipi! Kamata madume kwa majike, na wachache watie kwenye spiriti kali kwa ajili ya DNA.

Sasa kazi yenyewe. Rangi inadanganya sana, spishi moja inaweza kuwa na weusi na wekundu, kwa hiyo usiitegemee. Kinachoamua mara nyingi ni viungo vya uzazi vya dume. Ikate ncha ya tumbo, iloweke kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka nyama ilainike (inaunguza ngozi, vaa glavu), isuuze, itie kwenye gliserini chini ya hadubini na uchambue kwa sindano nyembamba taratibu. Utaona vishikizo viwili, cha kushoto na cha kulia havifanani kabisa, kimoja huwa kikubwa kimepinda na chengine kidogo tu. Vichore vyote viwili kutoka pande mbili tatu, halafu linganisha na maelezo ya kila spishi ya jenasi yake (kundi la spishi za karibu ndani ya familia), ya zamani na ya jirani, za bara, Kenya, Madagaska, na ukiweza tazama vielelezo vyenyewe makumbusho. Hapa ndipo watu wanapochoka wakakimbilia kuandika, na hapa ndipo jina moja linapopewa wadudu wawili au mdudu mmoja akapewa majina mawili.

Ukiridhika, chagua mmoja awe holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina, dume bora aliyetimia viungo, wengine wawe parataipu, vielelezo vya kumsaidia. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, kwa majina yalotoka baada ya 1999 zinataka useme waziwazi kuwa ni spishi mpya, holotaipu ni yupi na amewekwa wapi. Jina likiwa ni sifa lifuate jinsia ya jina la jenasi, mfano pembensis au pembense, yaani "wa Pemba". Toka 2012 makala ya mtandaoni pekee inakubalika lakini lazima iwe imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na usajili huo utajwe ndani yake. Eleza mwili wote, urefu kwa milimita, mmea, tofauti zake na jamaa zake wa karibu, tia picha. Na mkigawa parataipu kwa makumbusho ya nje, wekeni japo dume na jike hapa Zanzibar, ili kijana wa Wete akipata mwengine asihitaji viza kwenda kulinganisha.