Jinsi ya kutoa maoni ya muvi ulizocheki mpaka mtu atamani kuziona

Unamuuliza mtu muvi aliyocheki jana ikoje, anakujibu "kali sana" au "ya kawaida tu", basi imeisha hiyo. Hujui kama ukae nayo masaa mawili au uipite. Mimi napenda kuongelea muvi karibu sawa na kuziangalia zenyewe, kwa hiyo ngoja nielekeze navyofanya, na mifano ni hizi 4 nilizocheki wiki hii, za zamani na za karibuni zimechanganyika.

Kwanza andika kabla hujalala. Mistari miwili mitatu kwenye simu inatosha kabisa, maana ukicheki muvi tatu mfululizo bila kuandika zinaingiliana kichwani unabaki na sura za waigizaji tu. Usiandike hadithi yote, andika pale uliposhtuka, pale ulipocheka, na pale uliposhika simu kusoma meseji. Hiyo ya tatu naijali sana, kama nilishika simu maana yake muvi ilinipoteza hapo na nataka kujua kwa nini.

Halafu, na hapa ndo penye kazi, chagua sini moja au kitu kimoja ukishike vizuri. Chukua 12 Angry Men ya 1957, raia 12 wa kawaida wamefungiwa chumbani mahakamani waamue kama kijana ameua au hajaua. Ukimwambia mtu "wanaongea tu dakika 96, tena haina rangi" nani ataiangalia? Lakini mwambie acheki kamera. Mwanzoni inawaangalia kwa juu kidogo, katikati inakuja usawa wa macho, mwishoni iko chini mpaka unaanza kuona dari, na dairekta Sidney Lumet alikuwa anabadilisha na lenzi kadiri muvi inavyosonga ili kuta zionekane zinawasogelea. Mimi nilikuwa nimekaa nahisi nimebanwa na sijui kwa nini, jasho limelowanisha mashati yao, feni imegoma, wanagombana, na mimi mwenyewe nikainuka kufungua dirisha. Hicho ndo kitu cha kumwambia mtu, atakuelewa hapo hapo.

Jaws ya 1975, ile ya samaki papa anayeshambulia watu baharini, nayo hivyo hivyo. Papa wa mashine alikuwa anaharibika haribika kwenye maji ya chumvi, ikabidi dairekta Steven Spielberg asimuonyeshe sana, na ikawa bora zaidi. Unaona pipa la njano walilomfungia papa linakata maji kwa kasi, papa mwenyewe humuoni, na moyo unaenda nalo. Maoni yangu kwa ukweli, alivyojitokeza mzima woga wangu ulipungua, nilimuogopa zaidi akiwa chini ya maji. Ukiwa na maoni kama hayo yaseme hata kama muvi inasifiwa na kila mtu, ila sema na sababu.

Jambo jingine, ipime muvi kwa kile ilichotaka kufanya. Mad Max: Fury Road ya 2015 ni mbio tu za magari jangwani, sasa ukiilaumu kwamba hawaongei sana unaionea. Uliza je, kwenye fujo yote ile unaelewa nani yuko wapi na anafukuzwa na nani? Unaelewa, kwa sababu mara nyingi kitu cha kuangalia wamekiweka katikati ya skrini, jicho halihangaiki kutafuta, na mhariri wake Margaret Sixel alipata Oscar kwa kazi hiyo. Kile kipande cha usiku kwenye matope ndo kilinipunguzia mzuka, kasi ilishuka.

Na tafadhali usimwage mwisho! Kuna mtu aliwahi kuniambia nani anakufa kwenye muvi niliyoisubiri miezi, mpaka leo sijaweza kuiangalia kwa raha. Mimi sipitishi nusu ya kwanza bila kuuliza kama mtu ameshaiona. Parasite ya dairekta Bong Joon-ho, ile ya 2019 ambayo ndo ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora, naisema hivi tu: familia maskini inaingia kazini kwenye nyumba ya matajiri mmoja baada ya mwingine, na kuna usiku wa mvua wanashuka ngazi, wanashuka tena, wanashuka tena, na maji yanashuka nao. Kwa nini wanashuka sisemi, lakini ngazi zile ukiziona utajua kila familia inaishi upande gani wa dunia.

Mtu akikupinga muulize sini gani ilimkera, msirushiane alama za nyota, mara nyingi mtakuta mnaongelea vipande viwili tofauti kabisa.

Kati ya hizi 4 kama una usiku mmoja tu anza na 12 Angry Men, simu iache chumba kingine. Parasite ifuate. Fury Road itafutie skrini kubwa na spika za maana, kwenye simu utaikosa nusu.