Kusoma majibu ya PSA ukiwa unatumia finasteride au dutasteride

PSA ni protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, na ikipanda inaweza kuashiria saratani. Karatasi ya maabara ikionyesha PSA 2.6, na pembeni pameandikwa kawaida ni 0 hadi 4.0, wazee wengi huikunja wakaenda nyumbani wametulia. Kwa aliyekunywa finasteride, dawa ya tezi dume iliyovimba, mwaka mzima, utulivu huo ni wa hatari. Dawa hii hushusha PSA ya damu kwa takriban nusu, saratani iwepo isiwepo. Namba ya kufikiria hapo ni 5.2, na mashine ya maabara haiwezi kulijua hilo.

Anza na boksi la dawa. Soma jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo chini ya jina la kampuni. Zinazoshusha PSA ni finasteride ya miligramu 5 na ndugu yake dutasteride ya miligramu 0.5. Finasteride ya miligramu 1, ile ya kuzuia upara, nayo huishusha, na wagonjwa husahau kabisa kuitaja. Tamsulosin, dawa nyingine ya tezi dume, hulegeza misuli ili mkojo upite, haigusi PSA. Ila ipo kapsuli yenye dutasteride na tamsulosin pamoja: hiyo ihesabu kama dutasteride.

Ukishatimiza miezi 6 hadi 12 ya kumeza kila siku, zidisha jibu mara mbili. Kabla ya hapo PSA bado inashuka, na kuzidisha kutakudanganya. Ndiyo maana kipimo cha kabla ya kuanza dawa ni muhimu sana. Kihifadhi, hata kwa kukipiga picha kwenye simu.

Lakini kinachotazamwa zaidi ni mwelekeo. Tuseme mzee alianza na 6.0, miezi 6 baadaye akapata 2.8, kisha 2.7, halafu 3.5. Maabara itaandika kawaida kila mara. Hata hivyo, dawa ikiendelea, PSA haitarajiwi kupanda kutoka kiwango chake cha chini kabisa. Hiyo 3.5 irudiwe baada ya wiki chache, na ikithibitika, aonane na daktari wa mfumo wa mkojo bila kungoja ifike 4.

Isiposhuka hata kidogo baada ya mwaka, jiulize kwanza kama vidonge vilimezwa kila siku. Nairobi wengi hununua karatasi moja moja kwenye kemisti, pesa zikikatika wanaruka wiki mbili, na PSA inaanza kupanda tena. Kama vilimezwa sawasawa, daktari aambiwe.

Kabla ya kutoa damu, kaa siku 2 bila kumwaga shahawa wala kuendesha baiskeli. Maambukizi ya mkojo yakikupata, subiri takriban wiki 6 baada ya kupona, maana huipandisha PSA sana. Kuwekewa mpira wa mkojo pia huipandisha. Rudi maabara ile ile, iwe ya Hospitali ya Kenyatta au ya mtaani kwenu, kwa kuwa mashine tofauti hutoa namba tofauti kidogo kwa damu ile ile.

Usiache dawa kwa ajili ya kipimo. PSA huchukua miezi kurudi ilipokuwa, na kwa siku chache utavuruga hesabu tu. Badala yake, mwombe daktari aandike kwenye fomu: dawa, miligramu, na mwezi ulioanza kuitumia.