Kuifunga Glock 19 vizuri baada ya kuisafisha

Kiangazi cha Tabora mnakijua, kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zianze vumbi linaingia hata kwenye droo iliyofungwa, kwa hiyo bastola unayotembea nayo kiunoni ikikaa wiki mbili tatu bila kufunguliwa ukipitisha kitambaa kinatoka chekundu. Mdogo wangu yuko Kigoma, Kibirizi pale karibu na ziwa, yeye shida yake ni unyevu na kutu. Wote tunafungua na kusafisha, na kufungua sio kazi, kazi ipo kwenye kurudishia. Mwezi uliopita kanipigia usiku, "kaka slaidi imegoma, inakwama katikati", (slaidi ni kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele), na nikajua hapohapo ni springi inayoirudisha mbele. Nitafika huko.

Naongelea Glock 19 kwa sababu ndio ninayoimiliki kwa kibali, ile ya Austria iliyotoka 1988, ya 9mm, magazini ya risasi 15. Bastola nyingine zina utaratibu wake, usichukue haya ukayapeleka kwenye Makarov.

Kwanza kabisa risasi. Chomoa magazini KWANZA, halafu koki, yaani vuta slaidi nyuma uiachie, maana ukikoki magazini ikiwa ndani unapandisha risasi nyingine kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Chungulia chemba kwa macho kisha ingiza kidole, maana taa zetu hizi zinadanganya. Nasisitiza hivi kwa sababu Glock huwezi kuifungua bila kwanza kubonyeza triga, na watu wamejipiga hapo wakiamini haina kitu. Elekeza ukutani kwenye tofali, usielekeze kwa mtu wala kwenye mlango. Risasi zote peleka chumba kingine, mimi nampa mama watoto bakuli anaenda kuliweka kabatini anafunga kwa funguo, na watoto hawakai chumba hicho mpaka nimalize.

Haya, umeshasafisha. Tandika kanga mezani (vitu vidogo havidundi vikapotea), weka slaidi imelala chali, yaani kilengeo kimetazama chini. Mtutu unaingia mdomo ukitangulia kwenye tundu la mbele la slaidi, unalala wenyewe, na lile jino lake nene la chini linabaki linatazama juu kwako.

Sasa springi, na hapa usiwe na haraka. Ncha nyembamba inaingia kwenye tundu dogo la mbele, unasukuma kuelekea mdomo wa mtutu, inabana, shika kwa nguvu isikurukie jichoni, halafu mkia wake unaulaza kwenye lile jino la mtutu. Angalia vizuri, jino lina kibonde kama nusu mwezi, ukingo wa springi unatakiwa ukae ndani ya kibonde hicho, usipande juu yake wala usikae pembeni. Geuza uitazame kwa ubavu, springi na mtutu viende sambamba. Ya mdogo wangu ilikuwa imekaa upande, ukiangalia haraka huoni, nikamwambia afungue tena airudishe taratibu huku ananielezea anachokiona, na ikakubali mara moja, alikuwa anataka kuigonga na nyundo!! Kitu kikigoma kwenye bastola usigonge, rudi nyuma hatua moja uangalie.

Kwenye fremu, ile sehemu ya chini yenye mshikio, utaona vipande vinne vya chuma vimechomoza, viwili mbele viwili nyuma, ndio reli. Hapo weka tone dogo la mafuta kila kimoja, usizidishe, watu wa Kigoma mnapenda kuilowesha kabisa kwa kuogopa kutu, lakini mafuta yakiingia kwenye njia ya pini inayogonga risasi yanashika uchafu na inaweza kugoma kulipuka siku unapoihitaji. Kwa nje pangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, inatosha.

Ingiza slaidi kuanzia mbele, mifereji yake ishike reli zote nne kwa pamoja, ivute nyuma mpaka mwisho, iachie irudi mbele yenyewe. Ile loku ndogo ya pembeni itajipandisha yenyewe, usiiguse. Jaribu kuisukuma slaidi mbele, isitoke.

Haijaisha. Bado haina magazini, angalia chemba tena, elekeza kwenye tofali, koki, bonyeza triga usikie mlio "tik" mmoja mkavu. Endelea kuishikilia triga hivyohivyo nyuma, koki tena, sasa iachie polepole mno, utasikia na utahisi kwenye kidole kamlio kadogo triga ikijirudisha. Bonyeza tena, ilie. Kisha ingiza magazini TUPU, vuta slaidi nyuma, inatakiwa ibaki imefunguka. Kimoja kikikosekana usiibebe, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni, usianze kuchokonoa vya ndani kwa bisibisi.

Mimi zikikubali zote nafuta mikono, nakunja kanga, ndio namwita mama watoto alete bakuli.