Kupunguza Bili ya Umeme Nyakati za Joto
Katika nyumba yenye kiyoyozi, hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu kifaa hicho hula umeme mwingi kuliko karibu vingine vyote: kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 mfululizo kwa saa moja humaliza uniti moja nzima, ilhali feni ya wati 50 huhitaji saa 20 kufikisha kiasi hicho. Kiweke kwenye nyuzi 25 au 26, kisha uwashe feni, kwa kuwa upepo wake hukausha jasho na kukufanya uhisi ubaridi hata kama kipimajoto hakijashuka. Feni haipozi chumba bali humpoza mtu, kwa hiyo izime unapotoka.

Fungua mfuniko wa mbele wa kiyoyozi, uchomoe chujio na ulitazame kwenye mwanga. Ukiona vumbi la kijivu limeziba vitundu, lioshe kwa maji na kulianika kivulini likauke kabisa, ndipo ulirudishe.

Hata hivyo, naamini kazi kubwa zaidi hufanyika nje ya dirisha. Pazia la ndani hukinga jua wakati joto limekwisha kupenya kioo, lakini turubai, mkeka au mti unaotia kivuli dirisha la magharibi hulizuia jua la alasiri kabla halijaingia. Usiku, hewa ya nje ikishapoa, fungua madirisha yanayoelekeana.

Jokofu nalo lisibanwe ukutani, maana joto linalolitoka lazima lipate njia. Bana karatasi kwenye mlango wake. Ikichomoka bila ukinzani wowote, mpira umelegea na unahitaji kubadilishwa.